Treni ya Uwanja wa Ndege Ipimwe Mlangoni pa Hoteli

Nilizihesabu ngazi zile kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya ila kuzipanda. Zilikuwa 42, za zege, katika stesheni ya katikati ya jiji ambalo sitalitaja. Lifti ilikuwa imebandikwa tangazo kwamba ni mbovu, na karatasi ya tangazo lenyewe ilikwisha kupauka. Nilikuwa na sanduku la kilo 23 na begi la mgongoni, saa tano usiku, baada ya saa tisa za kukaa angani. Treni iliyonitoa uwanja wa ndege ilikuwa safi, mpya, yenye skrini kila behewa, na ilitumia dakika 20 tu. Baada ya hapo nilitumia zaidi ya nusu saa kutoka mle chini na kuburuta sanduku hadi hotelini, mwendo wa mita 600.

Nilipofika ngazi ya kumi hivi, dada mmoja aliyekuwa anateremka alisimama, akashika mpini wa upande wa pili bila kuuliza, tukapanda naye mpaka juu. Akavuta pumzi, akanipungia mkono, akageuka kurudi chini mbio. Alivaa sare ya wafanya usafi wa uwanja wa ndege na kitambulisho kikining'inia shingoni. Alikuwa anawahi zamu ya usiku kule kule nilikotoka mimi.

Tangu usiku ule siamini tena matangazo ya dakika. Jiji likisema kwamba kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ni dakika 15, maana yake ni dakika 15 kutoka jukwaa moja hadi jukwaa jingine. Hapo hujahesabu kutembea kutoka kwenye mkanda wa mizigo hadi stesheni, foleni ya tiketi, kusubiri treni, kubadilisha njia, kutafuta mlango sahihi wa kutokea, wala zile mita za mwisho barabarani huku magurudumu ya sanduku yakikwama kwenye nyufa. Msafiri anakwenda chumbani, akaoge, alale. Kwa hiyo usafiri wa umma wa uwanja wa ndege upimwe mlangoni pa hoteli. Ukipimwa hivyo, mara nyingi treni ya fahari inashindwa na treni ya kawaida, na kuna siku zote mbili zinashindwa na basi.

Chukua Shanghai. Treni yake ya sumaku, inayoelea juu ya reli bila kuigusa, ilijengwa kukimbia zaidi ya kilomita 430 kwa saa, na kilomita 30 kutoka uwanja wa Pudong ilikuwa ikizimaliza kwa dakika zisizotimia nane. Ni kazi kubwa ya uhandisi na naiheshimu. Lakini inaishia stesheni ya Longyang Road, upande wa mashariki wa mto Huangpu, na mgeni mwenye hoteli ng'ambo ya pili inabidi ateremke pale na mizigo yake aingie metro namba 2, treni ya kawaida ya mjini. Na metro hiyo hiyo namba 2 inafika uwanja wa Pudong! Angeipanda tangu mwanzo angechelewa kidogo, lakini mzigo angeupakia mara moja na kuushusha mara moja.

London imelielewa jambo hili kwa awamu. Treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly ilifika uwanja wa ndege wa Heathrow mwaka 1977. Inasimama kila mahali na inachukua karibu saa nzima kufika katikati ya jiji, lakini inapita kwenye mitaa yenye hoteli nyingi. Mwaka 1998 ikaja Heathrow Express, dakika 15 bila kusimama hadi stesheni ya Paddington, kwa nauli ya juu zaidi. Kama hoteli yako iko Paddington, hapo umepata. Kama iko kwingine, umefika Paddington mapema ili uanze kutafuta treni ya pili. Halafu mwaka 2022 ikafunguliwa njia mpya ya reli, Elizabeth line, ambayo inapita Paddington na kuendelea hadi Tottenham Court Road, Farringdon na Liverpool Street, na kila stesheni yake ina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani. Kwangu mimi hilo la ngazi ndilo kubwa kuliko kasi. Katika njia ya Piccadilly, stesheni ya Covent Garden ina ngazi 193. Lifti zipo, lakini mwenye sanduku anayepanga kushukia pale ni vizuri aijue hiyo namba kabla hajatoka kwake.

Seoul nayo ilichagua njia ninayoipenda: reli moja kutoka uwanja wa Incheon, huduma mbili juu yake. Kuna treni ya haraka inayokwenda moja kwa moja hadi stesheni kuu, na kuna inayosimama njiani, unayoilipia kwa kadi ile ile ya mabasi na metro ya jiji. Tofauti yao ya muda haifiki nusu saa. Hii ya kusimama inakuachia ushuke stesheni ya Hongik University au Gongdeok, uunganishe metro pale pale, badala ya kupelekwa mpaka stesheni kuu kisha urudi nyuma. Mgeni ana hiari, na kwa wengi hiyo ya polepole ndiyo inayomfikisha mapema.

Sasa nizungumzie basi, kwa sababu basi linadharauliwa bure. Uwanja wa Narita uko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya Tokyo. Ulifunguliwa mwaka 1978, na kwa miaka 13 ya mwanzo hakuna treni iliyofika chini ya jengo la abiria. Leo treni ya Skyliner inakimbia kilomita 160 kwa saa na inafika stesheni ya Nippori, ndani ya Tokyo, kwa chini ya dakika 40. Pamoja na hayo, nikimwelekeza mzee au mama mwenye watoto wawili namwambia aangalie kwanza yale mabasi yanayokwenda hadi kwenye milango ya hoteli kubwa. Niliwahi kupanda basi la namna hiyo. Mhudumu aliuliza nashukia hoteli gani, akalifunga sanduku langu lebo yenye namba, akanipa kipande chenye namba hiyo hiyo, akalipanga kwenye buti kwa kufuata vituo, ya mwisho kushuka ikitangulia ndani. Tulikutana na foleni barabarani, ndiyo. Ila nilikuwa nimekaa, mzigo uko mahali pake, na gari liliposimama nilishuka hatua chache kutoka mapokezi. Sikupanda ngazi hata moja. Asiyetaka basi anaweza kuliacha sanduku kaunta pale uwanjani, likapelekwa hotelini, mara nyingi kwa kesho yake, naye akapanda treni na begi dogo. Sijaona wazo jepesi kama hilo linaloondoa adha kubwa namna hiyo, na sielewi kwa nini viwanja vingi zaidi havijaliiga.

Narudi kwa yule dada wa ngazini. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi kabla haujawa lango la wageni. Heathrow peke yake ina makumi ya maelfu ya wafanyakazi: wapakia mizigo, wapishi, walinzi, wafanya usafi, mafundi. Hao wanaupita uwanja ule kila siku, mimi napita mara mbili kwa mwaka. Reli ikijengwa kwa ajili ya mfuko wa mgeni wa biashara, mfanyakazi anabaki nje. Huko Sydney njia ya treni ya uwanja wa ndege ilifunguliwa mwaka 2000, kabla ya Michezo ya Olimpiki, na abiria wanaotumia stesheni za uwanja hutozwa ada ya stesheni juu ya nauli ya kawaida. Matokeo yake kuna watu wanaopanda basi hadi stesheni jirani ili waikwepe ada hiyo, huku stesheni iko chini ya miguu yao. Reli ikijengwa kwa ajili ya mfanyakazi, mgeni anafaidi pia, kwa sababu wafanyakazi wanasafiri alfajiri, mchana na usiku wa manane, na treni inalazimika kuwepo saa hizo zote.

Suala la saa ndilo linalowaangusha wengi. Dubai ndege zinatua usiku kucha na metro inafika mlangoni pa uwanja, lakini usiku mkubwa metro inalala. Anayetua saa tisa usiku atafute namna nyingine. Copenhagen, kinyume chake, metro ilifika uwanjani mwaka 2007 na siku hizi inatembea saa 24, robo saa tu hadi katikati ya jiji. Ukitua umechelewa huna haja ya kutazama saa kwa wasiwasi ndege ingali angani. Mimi utulivu huo nauthamini kuliko kiti laini.

Kisha kuna tiketi. Nadhani waliopanga nauli za viwanja vya ndege hawajawahi kusimama mbele ya mashine yao wakiwa hawajalala. Barcelona, tiketi maarufu ya safari 10 inayokupeleka karibu kila mahali mjini haikubaliki kwenye stesheni za metro za uwanja wa ndege. Madrid kuna nyongeza ya nauli kwa metro ya uwanjani. Sababu za kihasibu zipo, sibishi, lakini mgeni atazijuaje? Nimewahi kumwona baba mmoja, mtoto amelala begani, akiingiza tiketi yake kwenye geti mara ya kwanza, mara ya pili, akaigeuza, mara ya tatu, na geti linawaka taa nyekundu tu. Nyuma yake foleni inavuta pumzi kwa hasira. Hakuna maandishi popote yaliyomwambia kwamba tiketi yake ni nzima ila haifai hapo. Ikabidi arudi mwisho wa foleni ya mashine. Kwa upande huu London wanastahili sifa: tangu mwaka 2014 unagusisha kadi yako ya benki getini kwenye treni za chini ya ardhi, mfumo unajua wenyewe ulipanda wapi na kushuka wapi, basi. Mgeni hahitaji kujifunza kanda za nauli saa moja baada ya kutua.

Na kuna miji iliyojenga uwanja kwanza, ikaahidi treni baadaye. Mirabel, nje ya Montreal, ulifunguliwa mwaka 1975, kilomita zaidi ya 50 kutoka katikati ya jiji, na treni iliyopangwa kuuunganisha haikujengwa kamwe. Abiria waliuona mbali, wakapendelea Dorval ulio karibu, na mwaka 2004 ndege za abiria zikaacha kabisa kutua Mirabel. Treni haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwamo. Uwanja mpya wa Istanbul ulianza kazi kikamilifu mwaka 2019, metro yake ikaanza mwaka 2023. Katikati hapo mamilioni ya watu walitegemea barabara.

Sisemi teksi ni haramu. Ukiwa wanne na mizigo minane, ukiwa na mgonjwa, au ukitua usiku wa manane mahali pasipo na basi, panda teksi ya foleni rasmi wala usijilaumu. Ninachokataa ni mtu kulazimika kupanda teksi kwa sababu tu njia ya umma imefichwa: alama ya treni inaonekana ukumbi wa kwanza, inapotea ukumbi wa pili, na unapojikuta umesimama umeshafika kwenye maegesho ya teksi.

Siku hizi kabla sijasafiri naiandikia hoteli barua pepe fupi yenye maswali matatu. Nishuke stesheni gani? Nitokee mlango upi? Kuna lifti mpaka juu? Siulizi ni kilomita ngapi wala dakika ngapi. Wengine wananitumia ramani yenye alama nyekundu katikati ya jiji na neno karibu sana. Wengine wananishauri niwaombe wao gari. Lakini mwaka jana mfanyakazi wa mapokezi wa hoteli moja ndogo alinijibu hivi: "Panda behewa la mwisho. Ukishuka, lifti iko mbele yako, usifuate watu, wao wanakwenda kwenye ngazi. Juu utaona duka la dawa lenye taa ya kijani. Sisi ni mlango unaofuata, kengele iko chini kidogo, upande wa kushoto."

Nilipanda behewa la mwisho. Milango ilipofunguka watu wote wakageukia kulia kuelekea ngazini, mimi nikabaki nikitazamana na lifti. Juu, taa ya kijani ilikuwa inawaka.