Kupokea farasi wa wengine nyumbani Lubumbashi

Mtu anayefuga farasi mmoja kandokando ya Lubumbashi, mwenye parseli pana na banda lenye nafasi, hakawii kuombwa na rafiki ampokelee farasi wake kwa malipo ya kila mwezi. Ombi hilo lina mantiki. Farasi ni mnyama wa kundi, na akiishi peke yake hukosa utulivu. Malipo nayo hupunguza mzigo wa mshahara wa mtunzaji, na samadi, ambayo kila farasi hutoa kilo 20 hivi kwa siku, huwafaa sana wakulima wa mboga.

Hesabu hubadilika mvua zinapokwisha, kuanzia Mei. Farasi wa kilo 500 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, yaani karibu tani 1.8 katika miezi sita ya kiangazi, na nyasi hizo lazima zikatwe na kuhifadhiwa kabla mioto ya porini haijapita. Hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, maji hayo hubebwa kwa bidoni. Anayepanga bei mwezi Februari, malisho yakiwa mabichi kila upande, ifikapo Septemba atajikuta akimlisha farasi wa mwenzake kwa fedha zake mwenyewe. Kwa maoni yangu bei ipangwe kwa gharama za Septemba.

Masika nayo yana hatari yake, tauni ya farasi, ambayo husambazwa na visubi wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri na ambayo huwaua wengi wa farasi wasio na kinga. Farasi mgeni asiye na chanjo asipokelewe, na hata aliyechanjwa atengwe wiki mbili au tatu, kwa kuwa magonjwa mengine huambukizwa kwa pua na ndoo ya maji.

Hata hivyo, linalonitia wasiwasi zaidi ni swali la nani ana mamlaka juu ya mnyama. Tuseme mwenye farasi anafanya kazi mgodini Kolwezi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, na simu yake haipatikani. Saa nane za usiku farasi anagaagaa kwa maumivu ya tumbo, naye hawezi kutapika, hivyo kila saa inayopita ni ya hatari. Je, mwenyeji anaruhusiwa kumwita daktari wa mifugo yeyote, na atumie kiasi gani cha fedha isiyo yake?

Kwa sababu hiyo ningepokea farasi mmoja tu, baada ya sisi wawili kuandika daktari ni nani, kikomo cha matumizi ni kipi, na kama ninaweza kuidhinisha mnyama alazwe milele, yaani auawe bila maumivu, pale daktari anaposema hakuna tumaini. Rafiki akikataa, kwa uchungu, kuandika hilo la mwisho, nitamwelewa kabisa, ila farasi wake sitampokea.