Pedali za MIDI hazimpigii mwanamuziki kinanda

Wanaozikataa jukwaani pedali za MIDI, yaani mbao za kukanyaga zinazotuma amri kwa kinanda kupitia MIDI, mfumo wa mawasiliano kati ya ala za kielektroniki, hawakurupuki. Wasanii wengi wa Uganda wamezoea kuimba juu ya muziki uliorekodiwa kwenye CD, na bendi zinazopiga muziki wa moja kwa moja, mfano wa Afrigo iliyoanza mwaka 1975, zimejijengea heshima kwa kushika njia nyingine. Kwa hiyo mpenzi wa muziki anapomwona mpiga kinanda akikanyaga ubao wenye swichi na taa, na papo hapo sauti ya jukwaa zima ikabadilika, ana haki ya kuuliza ni nani hasa anayepiga. Swali ni la msingi, ila limeelekezwa kusikohusika, kwa sababu ubao huo hautoi sauti hata chembe.

Kinachopita kwenye waya wake ni amri fupi inayotaja chaneli, yaani njia ya kupitishia amri, moja kati ya 16, pamoja na aina ya amri na thamani yake, kuanzia 0 hadi 127. Noti zote bado zinatoka vidoleni. Katika bendi inayopiga rumba, kinanda hushikilia mlio wa fidla wakati wa mashairi, mara nyingi kwa mikono yote miwili. Sebene linapoingia, kinatakiwa kutoa mlio mkali wa tarumbeta kwenye pigo lile lile la kwanza. Asiye na pedali huachia noti mapema, hupeleka mkono wa kulia kwenye vitufe, huitafuta namba ya mlio, na muda huo wote gitaa la solo na ngoma hubaki peke yao mahali ambapo wimbo ulipaswa kupanda. Makanisani pengo hilo husikika zaidi, maana wimbo wa kuabudu huunganishwa na wa kusifu bila kusimama, na kiongozi wa sifa hatoi taarifa anapotaka kuongeza kasi. Mguu ukiichukua kazi ya kubadilisha, mikono haibanduki kwenye kinanda, na upigaji wa moja kwa moja unaongezeka badala ya kupungua.

Hoja inayorudiwa mno ni kwamba MIDI inachelewesha. Inafaa kuipima kwa hesabu. Mfumo huu, uliozaliwa mwaka 1983 kwa maelewano ya watengenezaji wa Marekani na Japani, hupeleka biti 31,250 kwa sekunde. Amri ya kudhibiti ina baiti 3, na kila baiti husafiri kwa biti 10 ukijumlisha ile ya kuanzia na ile ya kumalizia; biti hizo 30 hupita katika muda usiofika milisekunde 1. Katika milisekunde 1 sauti hewani huwa imekwenda sentimita 34 tu. Mwanamuziki aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake hujisikia kwa kuchelewa karibu milisekunde 9, naye hupiga kwa raha bila kulijua hilo. Kuchelewa ambako watu wamekusikia kweli kunatoka ndani ya kinanda: amri ya kubadili programu, yaani mlio uliohifadhiwa kwa namba, hukilazimisha kupakia mlio mpya, na vinanda vingi, hasa vya zamani, hukata noti iliyokuwa bado inalia. Dawa yake ni kuiandaa milio yote miwili mapema kwenye chaneli mbili, kisha pedali itume amri namba 11, ya nguvu ya sauti, ikiwa na thamani 0 kwa mmoja na 127 kwa mwingine. Kwa vinanda vinavyoitii amri hiyo, hakuna kinachopakiwa, na hakuna noti inayokatika.

Upande wa pili una nguvu zaidi unapotaja umeme. Umeme ukikatika katikati ya ibada na jenereta ikawashwa, kinanda huamka kwenye mlio wake wa kwanza huku taa ya pedali ikionyesha mlio mwingine. Na kama swichi imepangwa kuwasha na kuzima kwa zamu, kuanzia hapo kila kinachokanyagwa kitakuwa kinyume. Ndiyo maana napendelea swichi ya kila wimbo itume amri zote upya, isitegemee kilichotangulia, ili kuikanyaga mara moja kurudishe kila kitu mahali pake. Kwenye kumbi zenye nyaya mbovu ni heri pia kutumia waya wa MIDI wenye pini 5 kuliko wa USB, kwa kuwa kwenye tundu la kupokea amri huvushwa kwa mwanga bila mguso wa umeme, hivyo mngurumo wa nyaya mbovu haupati njia ya kupita. Waya huo usizidi mita 15.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wako sahihi kabisa, nami sitalipunguza. Pedali hiyo hiyo inaweza kuanzisha kompyuta yenye sauti za waitikiaji zilizorekodiwa, na mwenye tiketi aliyeahidiwa bendi akipewa hizo, amepewa CD kupitia mlango mwingine. Hilo liamuliwe na bendi kwa uwazi, kabla ya kulaumu kifaa.

Anayestahili kusita ni mpiga kinanda anayekuta ala tofauti kila ukumbi, kwa sababu namba za programu hazilingani kati ya kampuni na kampuni, na hata hesabu yenyewe hutofautiana: pedali nyingine huanzia 0 na kinanda kikaanzia 1, ukaomba mlio wa 24 ukapewa wa 25. Huyo aanze na amri namba 7 ya kiwango cha sauti na namba 64 ya kushikilia noti, ambazo vinanda karibu vyote huzielewa vilevile, na milio aendelee kuichagua kwa mkono mpaka atakapopata kinanda chake mwenyewe.