Muacheni Mtoto na 9.4 Yake

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu katika skuli moja ya hapa Pemba. Siitaji, kwanza kwa kuwa si yenyewe tu, pili kwa kuwa mama yake hataki maneno. Juzi kaniletea daftari la fizikia nimsaidie kuchora grafu. Nikafungua ukurasa wa pendulamu, lile jiwe linalobembea kwenye uzi: urefu wa uzi, muda wa mibembeo 20, hesabu, halafu ile g yetu maarufu, namba ya mvutano wa dunia. Yeye kapata 9.4. Imepigwa mstari mwekundu, pembeni mwalimu kaandika 9.8, na chini yake neno moja: rekebisha.

Nikamuuliza, "Ulipima tena?"

"Hapana, mjomba. Tumeambiwa turekebishe zile sekunde mpaka jibu litoke."

Nikalifunga daftari, nikatoka nje kidogo nisije nikasema la kusema mbele ya mtoto.

Turekebishe zile sekunde! Saa imeshapima, jiwe limeshabembea, tukio limeshapita na halirudi tena duniani, lakini sekunde zake zitarekebishwa ili kitabu kisione haya. Na wala hili si jipya. Kila aliyepita sekondari visiwani humu anajua maana ya kupika data. Unachukua jibu la kitabu, unarudi nalo kinyumenyume mpaka kwenye jedwali, unaongeza desimali hapa na kupunguza pale, unachafua kidogo ili isionekane nzuri mno (maana ikiwa nzuri mno nayo inatia shaka, ufundi tunao, tusijidharau), halafu unachora mstari ulionyooka kwelikweli. Alama zote. Hongera, mwanasayansi wa kesho.

Wiki ijayo mwalimu huyohuyo atasimama ubaoni awasomeshe Faraday, yule Mwingereza wa umeme na sumaku. Hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kwenye madaftari yetu Faraday amebaki sheria moja ya kukariri. Mtu mwenyewe hatumjui. Alizaliwa 1791, ng'ambo ya mto katika London, baba yake mhunzi ambaye afya ilimkimbia mapema. Skuli aliyoipata ni ya kujua kusoma, kuandika na kujumlisha, basi. Alipofika miaka 14 akapelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa huko miaka saba, na vitabu alivyoletewa kuvishona akawa anavisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mkubwa wa zama zile, pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Kijana akaandika kila alichosikia, akayajalidi mwenyewe maandishi yake, akampelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara. Mwaka huohuo wakafunga safari ya Ulaya, na mke wa bwana mkubwa akamfanya boi. Mtu aliyekuja kuubadilisha ulimwengu alikuwa akibeba masanduku ya watu.

Hesabu za juu hakuzijua mpaka anakufa. Alichokuwa nacho ni mikono na daftari. Lile daftari la maabara aliliandika kwa miongo mingi, kila aya kaipa namba, na namba zikapita 16,000. Kilichotokea kaandika. Kisichotokea pia kaandika.

Siku yake inayojulikana ni tarehe 29 Agosti 1831. Alikuwa na pete ya chuma, nyaya zimezungushwa upande huu na upande ule, nyaya za pande mbili hazigusani. Akiunga betri upande mmoja, sindano ya sumaku upande wa pili inaruka mara moja kisha inatulia. Akikata, inaruka tena, kwa upande mwingine. Umeme ukitulia haifanyi kitu, ukibadilika, inacheza. Hiyo ndiyo transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako. Sisi Wapemba tuliokaa na majenereta ya dizeli mpaka 2010, waya ulipokuja chini ya bahari kutoka Tanga, tunajua thamani ya kuruka kwa ile sindano kuliko wengi. Ndugu zetu wa Unguja waliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 nao wanaijua.

Lakini mimi leo sitaki 1831. Nataka 1849, mwaka ambao hatuusomeshi kwa sababu hakupatikana kitu.

Kufikia hapo Faraday ameshauunganisha umeme na usumaku, na 1845 ameshaonesha kwamba usumaku unaweza kuugeuza mwanga. Akajiuliza: je, huu mvutano unaoangusha embe, unaoleta bamvu na maji mafu, utakuwa peke yake tu, hauna udugu na wenziwe? Machi 1849 akaandika daftarini kuwa nguvu hii lazima iwe na uhusiano na umeme unaoweza kuoneshwa kwa majaribio. Akaendelea kuandika, akaandika, kisha akajizuia mwenyewe: haya yote ni ndoto, lakini hata hivyo tuyajaribu.

Akayajaribu. Akazungusha waya mrefu wa shaba, akaweka kiini ndani yake, mara shaba, mara metali ya bismathi, mara chuma, mara kitu kisichopitisha umeme, akawa anaviangusha kutoka dari ya ukumbi wa mihadhara, futi 36, mita 11 hivi, vinaangukia mto laini, huku waya umeungwa na galvanomita, kifaa chenye sindano ya kuonesha umeme. Ikiwa mvutano unazaa umeme kama usumaku unavyozaa, sindano itasema.

Na kuna wakati sindano ilicheza. Fikiria ungekuwa wewe. Una miaka 57, una jina duniani kote, umeota jambo kubwa kuliko yote, na sindano inakwambia ndiyo. Mpishi wa data angefunga maabara akaite waandishi. Faraday akaanza kujitafutia kosa. Akalikuta: nyaya zenyewe, zilivyokuwa zikisogea, zilikuwa zinakatiza usumaku wa dunia, na umeme ulitoka huko. Akazifunga nyaya pamoja, sindano ikatulia. Akatengeneza mashine ya kuvipandisha na kuvishusha vitu kwa haraka. Kila kilichotikisika akakifuatilia mpaka akakiondoa. Mwisho ikabaki sifuri.

Akaichapisha hiyo sifuri. Alisimama mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza, akasema matokeo ni hapana, hayana ushahidi wowote, ila moyo wake bado unaamini kwamba uhusiano upo. Ona alivyozitenga: imani yangu ile pale, kipimo changu hiki hapa, na kimoja hakimrekebishi mwenziwe.

Miaka 10 baadaye, 1859, kumbukumbu zimeanza kumtoka, akarudi tena. Safari hii akaenda kwenye mnara wa kutengenezea risasi karibu na Waterloo Bridge, akapandisha na kushusha mizigo mizito ya madini ya risasi kwa kimo cha mita kama 50. Sifuri tena. Akaandika makala, akaipeleka Royal Society, Stokes, katibu wao, akamshauri aitoe kwa kuwa haikuwa na jipya, akaitoa. Hapo nampinga Stokes, na heshima yake yote.

Na swali lile, tuambiane ukweli, limejibiwa na nani? Einstein alilihangaikia mpaka akafa 1955. Abdus Salam, yule Mpakistani, na wenziwe Glashow na Weinberg walipata Nobel 1979 kwa kuuunganisha umeme-usumaku na nguvu nyingine ya ndani ya atomu, lakini mvutano ukabaki nje. Mpaka leo uko nje. Sasa chukua uwezekano kwamba Faraday angekuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu cha hapa kwetu. Tungemwambia rekebisha, naye angerekebisha, na watu wangejenga juu ya uongo wake kwa miaka mingi kabla ya kugundua kuwa chini hapana msingi.

Jaribio lake la mwisho kabisa, 1862, nalo lilikuwa sifuri. Aliweka moto katikati ya sumaku kuona kama mistari ya rangi za mwanga wake itabadilika. Hakuona badiliko, akaandika hakuona. Mwaka 1896 Mholanzi Zeeman akarudia kwa vifaa vilivyo bora zaidi, ikaonekana, akapata Nobel 1902. Zeeman alijua pa kuchimba kwa sababu mzee aliyemtangulia aliandika ukweli kuhusu shimo alilolikuta tupu.

Najua mtaniambia: lakini 9.4 si sahihi. Haya, nakubali. Si sahihi. Ila sababu ilikuwa palepale, na ilihitaji muda usiozidi wa kunywa chai. Tulifunga uzi kwenye boriti, mimi na yeye, tukapima upya. Sekunde zake zilikuwa sawa kabisa! Zile alizoambiwa azirekebishe ndizo zilizokuwa za kweli. Kosa lilikuwa kwenye urefu: kapima uzi mpaka kwenye fundo, sentimita 24, badala ya mpaka katikati ya jiwe, 25. Sentimita moja tu, na jibu linashuka kutoka 9.8 hadi 9.4. Alipoligundua (kaligundua yeye, mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu mimi ni kazi kubwa) akaruka. Hilo ndilo somo lenyewe la pendulamu, na wino mwekundu ulilipita juu.

Tena kwa wanaoisujudia namba ya kitabu: vipo vitabu vinavyoandika 9.81, na hiyo ni ya London na jirani zake. Huku kwetu, nyuzi tano na kitu kusini ya ikweta, ni 9.78. Dunia imevimba kiunoni na inazunguka, kwa hiyo mvutano wa kwetu ni mdogo kidogo. Nani aligundua? Mtu aliyekataa kurekebisha. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta kama sisi, na saa ya pendulamu iliyokwenda vizuri Paris. Kufika kule ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Alirudi na taarifa ileile, na wakubwa wengine wa Paris wakamtilia shaka kwamba kakosea. Newton akaichukua, akaitia kwenye kitabu chake cha 1687 kuwa ushahidi kwamba dunia haikuviringika sawasawa. Kwa pendulamu ya kidato cha tatu tofauti hiyo hutaiona, sawa. Lakini msiniambie 9.81 imeshushwa kutoka mbinguni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi si watu wasiojua uaminifu wa kipimo. Nenda kituo cha kununulia karafuu msimu ukifika. Mkulima hatoi jicho kwenye mizani. Karani akiandika kilo anazodhani zilistahiki kuwemo badala ya zile zilizosomeka, patawaka moto hapo. Na watoto hawahawa asubuhi wako chuoni wanahifadhi Juzuu Amma, wanasoma Waylun lil-mutaffifin, ole wao wanaopunja vipimo, kwa sauti mpaka mtaa mzima unasikia. Mchana wanaingia maabara kufundishwa kupunja.

Walimu watasema darasa lina watoto wengi, saa ya kupimia moja, muhtasari mrefu, mtihani wa taifa unataka jibu. Kweli tupu. Lugha nayo, mtoto anapima kwa Kiswahili anaandika kwa Kiingereza, hilo nitaliandikia siku yake. Mashindano ya skuli gani imefaulisha zaidi, sitaki hata kuyazungumza. Na mwalimu mwenyewe anayefundisha madarasa yote ya fizikia peke yake simlaumu kwa kuchoka, nampa pole. Lakini kuandika "rekebisha" na kuandika "pima tena" ni wino uleule. Tena mtihani wa vitendo unatoa alama kwa jedwali, kwa grafu, kwa vyanzo vya makosa. Sehemu ile ya vyanzo vya makosa watoto wanakariri sentensi mbili tatu za upepo na macho, wanaziandika kwenye jibu ambalo kosa lake lenyewe wameshalifuta. Hapo sijui nicheke au nilie.

Faraday alipokuwa mzee alikataa urais wa Royal Society, akakataa na cheo cha kuitwa Sir. Alikufa Agosti 1867. Kila mwaka mpya wanafunzi wetu wanaandika jina lake kwenye karatasi ya mtihani, mara nyingi kwa tahajia mbaya, wapate alama mbili.

Na wewe ambaye najua utanijibu kwamba huyo Faraday wako alikuwa na raha zake, hakuwa na mtihani wa taifa unaomsubiri: kweli, hakuwa nao. Hakuwa hata na cheti cha darasa la saba.