Shikamoo Niliyoitoa na Sambusa Mdomoni

Wadau, najua stori ya mie na gari la shemeji mshaipata. Shemeji kaitupa kwenye grupu tangu Jumamosi usiku, na kila anayeipokea anaitia chumvi kidogo kabla ya kuipitisha mbele, mpaka jana kuna mtu kanipigia toka Muscat kuniuliza eti ni kweli nimekamatwa huku Leicester, Uingereza, naiba gari lenye bibi ndani. Sikukamatwa. Sikuiba. Bibi, kweli, alikuwemo. Basi acheni niseme mwenyewe kabla haijafika Tanga, ingawa nasikia ishafika.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie na shemeji (namwita shemeji kwa sababu mkewe ni wa Tanga, na wanawake wote wa Tanga ni dada zangu) tuna vigari viwili vidogo, vyote rangi ya fedha, vyote milango mitano. Changu Toyota Aygo ya 2009. Chake Citroën C1 ya 2008. Mie changu nilikinunua kwa pauni 600 zaidi ya chake na tangu siku hiyo sijampa raha. Tukikutana msikitini, namuuliza kopo la Kifaransa limewaka leo? Tukienda kununua mihogo, namwambia panda kwangu, upande gari la Kijapani ujue watu wanaishije. Ndo mpaka wakanipachika jina la Waziri wa Toyota na mie nikalipokea kwa mikono miwili.

Shemeji ni mtu wa kusoma, sio wa kelele. Kila mara ananiambia kwa upole, bwana wewe, hivi vigari vimetoka tumbo moja. Kiwanda kiko Kolín, Jamhuri ya Czech, Toyota na Wafaransa wa Peugeot na Citroën walichanga hela wakakijenga pamoja, magari yakaanza kutoka 2005, humohumo ndani ilitoka Aygo, ilitoka C1, ilitoka Peugeot 107, kila moja ikapewa nembo yake na sura yake ya mbele, basi. Chesisi moja, dashibodi moja, injini ya petroli moja, silinda tatu, cc 998, farasi 68, ile 1KR waliyoibuni watu wa Daihatsu, hiyohiyo iliyomo kwenye Vitz na Passo huko nyumbani. Anasema gari dogo faida yake nyembamba kama chapati ya hotelini, kila kampuni ikisema ijitengenezee la kwake peke yake haiambulii kitu, ndo maana mahasimu wanakaa meza moja wanagawana gharama halafu wakitoka nje wanaendelea kununiana.

Na mie namjibu nini? Namjibu, "Shemeji, Toyota naijua hata nikifumba macho."

Kumbukeni hayo maneno.

Tena leo nimeamua kusema ukweli wote, hata ule ambao shemeji haujui. Nilijua. Mwaka jana niliagiza pedi za breki, boksi likaja limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa tu: Citroën C1, Peugeot 107, Toyota Aygo. Zote tatu, mstari mmoja, kama majina ya mtu, la babake na la babu. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikayafuta yale mawili ya mwanzo kabla sijampelekea fundi. Fundi akaligeuza lile boksi akaniangalia, akasema bwana hapa kumemwagika nini? Nikasema wino wa mtoto. Sina mtoto.

Haya sasa, Jumamosi. Akika ya mtoto wa shemeji, tumekodi ukumbi, wanaume chini wanawake juu, mvua ya Novemba ile isiyonyesha wala isiyoacha, saa kumi na moja jioni giza kama usiku wa manane. Mama mkwe wake shemeji kaja toka Tanga wiki mbili zilizopita, ndo kasimamia mapishi yote. Mie sikumwona kwa sababu yuko juu na kina mama, na hili la kutomwona, wadau, ndo msiba wenyewe. Chakula kilikuja, pilau, kachumbari, na mie nilichelewa kwa hiyo sinia langu lilikuwa mchele na habari za nyama. Nikanuna kimoyomoyo. Nikamwomba dada mmoja anifungie chakula cha mke wangu maana yuko kazini, anafanya kea, kuhudumia wazee, zamu ya jioni, akasema sawa nitakuwekea. Nikasubiri, hola, nikaona bora nikakae kwenye gari.

Natoka, kofia ya jaketi nimeivuta mpaka kwenye nyusi, miwani imeingia ukungu. Nabonyeza ufunguo, naona taa zinamulika upande ule. Upande ULE, sio gari lile, ila mtu mwenye miwani ya ukungu haulizi maswali mengi. Nikaenda kwenye kigari cha fedha cha kwanza nilichokutana nacho, nikavuta mlango, ukafunguka, nikajitumbukiza ndani. Kiti saizi yangu. Dashibodi yangu. Hata kile kisaa cha mizunguko ya injini kilichobandikwa pembeni ya spidi kama sikio la kusikilizia, kipo palepale. Kiti cha abiria kuna hotipoti kubwa imefunikwa kwa taulo. Nikasema alhamdulillah, yule dada muungwana, kaniletea mpaka garini. Sikujiuliza gari kafunguaje. Njaa haina upelelezi.

Nikampigia mke wangu, alikuwa kwenye mapumziko, nikaweka spika, simu nikaisimamisha hapo kwenye dashibodi. Huku nafungua hotipoti. Sambusa! Za moto, zina mvuke. Nikatia moja mdomoni na hapo ndo mdomo ukapata mafuta ya kusema.

Sasa subirini nipunguze mwendo maana hapa ndo penyewe.

Nikasema, "Mke wangu, umekosa kitu hujakosa kitu. Pilau gani ile, nyama unaitafuta kwa tochi. Eti kapika mama mkwe wa shemeji, kaletwa kwa ndege toka Tanga, nauli yote ile, kuja kupika wali wa rangi."

Mke wangu akacheka, akasema acha hizo.

Nikaongeza (nani alinituma niongeze?), "Sio acha hizo. Mwanamke wa Tanga asiyejua pilau anatutia aibu sote. Ila hizi sambusa nilizofungiwa, aah, hizi kapika mtu mwingine kabisa, huyu mikono yake ina baraka, sio yule bibi."

Nikala ya pili.

Halafu nikatia ufunguo niwashe hita. Ufunguo umeingia vizuri tu, kuzunguka hauzunguki. Nikautikisa. Nikauzungusha tena, usukani nao umejifunga. Nikamwambia mke wangu, "Ufunguo umegoma, mvua hii. Lakini usijali, hii ni Toyota, ingekuwa kopo la shemeji saa hizi tunatafuta kamba ya kulivutia." Nikaupigapiga usukani kwa mapenzi, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake shingoni. Mkono ukagusa nembo pale katikati, ukahisi kitu kina ncha. Nikafuta miwani kwa kidole. V mbili, moja juu ya mwenzie, zimepinduliwa kama tepe za koplo aliyevaa shati juu chini.

Mie nembo yangu mviringo. Nilikaa naangalia zile V, naapa, kama mtu anayesubiri zigeuke.

Na hapo hapo, nyuma ya sikio langu la kulia, karibu kabisa, sauti ndogo, tulivu, ya Kitanga haswa:

"Kwani pilau ilikosa nini, mwanangu?"

Wadau. Damu ilishuka yote ikakaa kwenye viatu. Nikainua macho kwenye kioo, naona giza, halafu ndani ya giza naona baibui, halafu ndani ya baibui macho mawili hayana hasira hata kidogo, yana udadisi tu. Alikuwemo muda wote. Shemeji alimtoa mapema kwa sababu ya baridi, akampasha gari joto, akalizima, akamwambia mama kaa hapa nakimbia kuchukua masufuria. Naye alipoona mwanamume kaingia kakaa kwenye usukani akadhani ni dereva katumwa. Kisha akasikia anatajwa, akanyamaza asikilize. Nani angekatiza?

Sasa mtoto wa Tanga kalelewa, mtu mzima yupo mbele yako, au nyuma yako, unafanyaje? Unaamkia. Ulimi ulijiendea wenyewe, "Shikhamwoo mwama," na punje za sambusa zikaruka zikatua kwenye kioo cha mbele.

"Marahaba. Meza kwanza."

Nikameza. Ilishuka nzima nzima, nilihisi pembe zote tatu.

"Nyama tuliwapa watoto kwanza," akasema. "We ulichelewa." Akanyamaza kidogo. "Na sambusa nazo nimepika mie."

Kwenye dashibodi mke wangu anauliza, "Nani huyo? Baba, nani huyo mwanamke kwenye gari?"

Kabla sijajibu, mlango wa kushoto ukafunguliwa, shemeji kainama, masufuria mawili mkononi, mvua inamtiririka puani. Akaniangalia. Akaangalia hotipoti wazi. Akaangalia ufunguo wangu wa Toyota unaning'inia kwenye gari lake. Hakusema kitu kwa muda mrefu sana, kisha akasema polepole, kwa adabu zote, "Waziri. Fumbua macho."

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Ndiyo, alicheka mpaka masufuria yakaanguka. Ndiyo, watu walitoka ukumbini. Ndiyo, ile picha ni ya kweli, nimeshika sambusa ya tatu, ila naomba ieleweke nilikuwa nairudisha. Mtu mmoja akawasha tochi ya simu, wakafunua boneti zote mbili zikiwa zimeegeshwa bega kwa bega, wakaanza kunionyesha kimoja kimoja kama watoto wa shule, kile kiko wapi na mwenzie yuko wapi, na mie nimesimama mvuani naitikia ndiyo, ndiyo. Shemeji akaona haijatosha, akasema na ukirudi nyumbani ukaona Starlet mpya ya dukani usijisifu, hiyo ni Suzuki Baleno imevaa nembo ya Toyota, Suzuki ndo wanaiunda India. Nikamwambia shemeji, si ungeniachia hata hiyo?

Mke wangu nilimweleza kwa dakika arobaini. Alinielewa dakika ya kwanza, zilizobaki alikuwa anacheka. Mama yangu kanipigia Jumapili alfajiri toka Ngamiani, hakunisalimia, kauliza tu, "Wa rangi?" Kumbe wanajuana, walikuwa wote kwenye kikundi cha maulidi.

Ila bibi wa watu muungwana. Kabla hatujaachana usiku ule alinifungia hotipoti nzima ya mke wangu, pilau chini, nyama juu, nyingi, za makusudi. Halafu akatoa kanga kuukuu kwenye mkoba, akachana pindo, akaenda mwenyewe na mvua ile mpaka kwenye gari langu akaifunga kwenye antena, fundo la Kitanga lile halifunguki. "Hii nyekundu ndo lako," akaniambia, kama anavyoambiwa mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

Mnaoniuliza kama nimekitoa kile kitambaa: sijakitoa. Jumatatu asubuhi nimefika kazini giza halijaondoka, pakingi kuna kigari kingine cha fedha, na sikwenda kuangalia ni cha kabila gani.