Nyota Tano na Kopo la Achari

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa hajapanda ndege maishani mwake, lakini kwetu Ngamiani, Tanga, ndiye mwenye elimu ya mashirika ya ndege. Ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo kaandika kwa kalamu nyekundu nani alikuwa wa kwanza duniani mwaka gani. 2017 Qatar Airways. 2018 Singapore Airlines. 2019 Qatar tena. 2023 Singapore, 2024 Qatar. Jioni akishakaa barazani na kikombe cha kahawa, huyatoa hayo kwa sauti ya kadhi anayesoma hukumu.

Ukimuuliza kayatoa wapi, atakwambia: Skytrax. Hao ni watu wa London, walianza 1989, na tangu 1999 wanakusanya kura za abiria na kutangaza mshindi. Nyota, zile moja mpaka tano, ni jambo jingine: hizo hutolewa na wakaguzi wao wenyewe. Shemeji anapenda vyote, kura na nyota, ila nyota zaidi, maana zinahesabika kwa vidole.

Aliyemkata maini ni muuza kahawa. Alikuwa anamimina tu, hana habari na mtu, mara akauliza, "Hao waliopiga kura wamezipanda ndege zote?"

"Kila mtu anaipigia aliyoipanda," Shemeji akajibu.

"Basi mimi nikiwauliza nyinyi hapa kahawa ya nani bora, mtasema yangu. Ya yule wa Barabara ya 6 nani kaionja?"

Baraza zima likacheka. Shemeji akafunga daftari, akasema husuda ni maradhi.

Binti yangu ndiye aliyemmaliza kabisa, maana huyo ana simu na hana adabu. Akamwonyesha kwamba kuna wapangaji wengine, AirlineRatings wa Australia, wanaotumia jopo la wahariri wao. 2023 hao walimpa ushindi Air New Zealand, mwaka ule ule ambao Skytrax walimpa Singapore. 2025 wakasema Korean Air, wakati Skytrax wanasema Qatar. "Baba mdogo, dunia moja ina wa kwanza wangapi?" Tena akamsomea kwamba Skytrax hao hao wanaopanga madaraja wanayauzia mashirika ya ndege ushauri wa kuboresha huduma. Shemeji akasema mtoto wa kike akisoma sana anakosa mchumba. Hiyo ndiyo hoja yake kila anapokosa hoja.

Basi ikaja harusi ya Muscat. Ndugu wa mama mkwe wangu wako huko tangu enzi, na safari hii wakatuma mwaliko na nauli juu. Tukachaguliwa watatu: Shemeji, Wifi na mimi. Mume wangu alibaki, alisema yeye na mawingu hawajatambulishana. Kukata tiketi alipewa Shemeji, kwa sababu ya daftari. Akachagua shirika mojawapo la zile kurasa za mbele, njia ndefu kidogo na bei juu kidogo, akasema nyota hazinunuliwi kwa bei ya dagaa. Lakini ili kuifikia hiyo ndege kubwa Unguja, ilibidi kwanza tutoke Tanga. Na Tanga, bwana, hutoki kwa nyota. Unatoka kwa Cessna Caravan: injini moja, panga moja puani, abiria dazeni moja na ushei.

Shemeji alijua kwamba ndege ndogo haitaki mzigo, kilo kumi na tano na begi liwe laini. Kashata, ubuyu na viungo vya mama mkwe vilishajaza begi lake hata soksi haikupata nafasi. Akajiona mjanja. Asubuhi ile ya Februari, joto la kuchemsha yai, akatokea amevaa kanzu tatu. Chini kabisa ile ya darizi ya harusini, katikati ya melimeli, juu ya kutokea. Na koti. Jasho linamtiririka, anatabasamu.

Tukafika uwanjani. Begi likapimwa, sawa. Kijana wa kaunta akasema, "Haya mzee, panda na wewe."

"Nipande wapi?"

"Kwenye mizani."

Ikawa kimya kidogo. Ndege ndogo inapima mpaka watu, jamani. Kila kilo inahesabiwa, na rubani anataka kujua nani akae wapi, maana uzito ukizidi nyuma mkia unashuka. Kumbe zile kanzu tatu Shemeji alikuwa amezibeba kutoka kwenye begi kuzileta kwenye mizani ile ile. Wifi alicheka mpaka akakaa juu ya begi la watu.

Kicheko chake kikaisha zamu yetu ilipofika. Yule kijana alikuwa na sauti ya mwadhini. Alikuwa akisoma kilo na mwenzake anaandika, na uwanja wenyewe si mkubwa, hata waendesha bodaboda waliokuwa nje walisikia. Zangu siziandiki hapa. Baadaye binti yangu alinisimulia kwamba Air New Zealand nao mwaka 2023 walipima abiria wao Auckland, kwa utafiti, ila mizani yao haikuonyesha namba kwa mtu yeyote, si kwa abiria wala kwa mpimaji. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walipewa ushindi mwaka huo. Mimi mwenyewe ningewapa.

Kwa uzito wake na kanzu zake, Shemeji akapangiwa mbele kabisa, kiti cha pembeni ya rubani. Mimi nyuma yake, Wifi ubavuni kwangu. Hakuna mhudumu, hakuna choo, hakuna pazia la kutenga matajiri na makabwela. Rubani aligeuza shingo akatueleza mikanda na milango, kisha akamgeukia Shemeji, aliyekuwa na usukani mwingine mzima mbele ya magoti yake, akamwambia kwa upole, "Mzee, tafadhali usiguse kitu chochote." Akamvika na vile vizibo vikubwa vya masikio. Shemeji akanyanyua mikono akaiweka juu ya kifua kama anayesali, akabaki hivyo.

Mimi ni fundi cherehani, futi haitoki mkobani mwangu. Nikaanza kupima. Nilitaka nijue haya mambo ya kiti bora yanaanzia inchi ngapi, tuje tulinganishe na nyota tano. Bahati mbaya ncha ya futi ilimgusa sikio bwana mmoja wa kulia kwangu, akaruka akidhani mdudu, ikabidi nimpe pole na kashata.

Sasa hili kopo la achari. Nilikuwa nimelipakata mapajani. Achari ya embe ya mama mkwe, mafuta, manjano, pilipili, kopo la plastiki la majonezi lililofungwa kwa nguvu zote za ukoo. Lilikuwa limekaa juani uani kwa muda, kwa hiyo humo ndani lilishaanza mambo yake. Tukapaa. Chini bandari, Kisiwa cha Toten, kisha bahari tupu. Nikaona kifuniko kimevimba kama shavu la mtoto mwenye pipi.

Nami sikuwa na wasiwasi nalo. Ni Wifi. "Hebu kilegeze kidogo kitoe pumzi, kitapasuka hicho."

Nikakilegeza kidogo.

Sauti yenyewe ilikuwa "pssss," halafu ikawa "pwaa." Achari iliruka mbele kwa mstari mmoja ulionyooka na kutua kwenye shingo ya Shemeji, pale kati ya kofia na kola. Kipande cha embe kiliteremka polepole kikaingia ndani. Manjano ilitambaa mgongoni, ikamaliza kanzu ya juu (koti alishalivua kwa joto), ikaingia ya pili. Na pilipili ile si ya mchezo, mama mkwe huitia kwa konzi.

Lakini Shemeji kaambiwa asiguse kitu. Basi hata shingo yake hakuigusa. Alikaa vile vile, mikono kifuani, macho yamemtoka, machozi yanashuka, vizibo masikioni hasikii tunavyomwita. Rubani akamtupia jicho: mzee analia, jasho kichwa kizima, nguo rangi ya pilau. Akanyoosha mkono taratibu, akachomoa mfuko wa kutapikia, akampa, akampigapiga goti. "Pole mzee. Tunakaribia."

Shemeji akaupokea kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Hakusema neno jingine mpaka Unguja.

Pale tuliposhuka tulimsugua kwa maji ya bomba, ikawa tumeieneza. Tukamwambia avue. Kanzu ya pili nayo imeingia. Ya tatu, ile ya darizi, ilikuwa salama isipokuwa doa dogo la mafuta, ila alikataa katakata kuionyesha kabla ya harusi. "Mnataka nifike Muscat na nguo wameshaiona watu wa forodha?" Kwa hiyo akaingia ndege ya nyota akiwa njano mgongo mzima. Kopo lenyewe lilibakiwa na nusu. Ukaguzi wakalichukua, kwamba kimiminika kikizidi mililita mia moja hakipandi mkononi. Wifi alibishana kwamba achari ni chakula. Wapi.

Hiyo ndege kubwa nitaisema kwa ufupi, na jina la shirika nalihifadhi. Ilikuwa Boeing 777. Zamani ndege hizi daraja la kawaida zilikuwa na viti tisa kwa mstari. Siku hizi mashirika mengi yamebana kimoja zaidi, kumi, tatu nne tatu, na upana wa kiti umeshuka kutoka inchi kumi na nane hivi hadi kumi na saba. Upana wa ndege haujaongezeka, ni makalio ya abiria ndiyo yamehesabiwa upya. Nikatoa futi. Kumi na saba kasoro. Kutoka kiti hadi kiti, thelathini na moja, na humo humo unene wa kiti chenyewe umo, kwa hiyo goti lako halipati hizo thelathini na moja hata kidogo. Skrini yangu ilikuwa imekufa. Kiti cha Wifi kilikataa kulala, cha jirani yake kilikataa kuamka. Shemeji yeye alikaa karibu na choo, akawa anawasalimia wanaoingia na wanaotoka.

Nikamwambia, "Shemeji, daftari halikusema ndege gani wala mstari wa ngapi?"

"Daftari linasema shirika."

"Sisi tumekalia kiti, hatukukalia shirika."

Akanitazama kwa huruma, akaniambia sijui mambo. Hapo ndipo nikampa habari nyingine niliyopewa na binti yangu: ndege kubwa ikiwa juu kabisa, hewa ndani inaruhusiwa kuwa nyepesi kama ya urefu wa mita 2,400, huko juu kuliko Lushoto mjini, Boeing 787 na Airbus A350 ndizo ambazo hewa yake ndani hushushwa hadi kama ya mita 1,800. Caravan yetu haisukumi hewa ndani hata chembe, lakini ilipita chini zaidi ya hapo. Maana yake kile kijindege cha kupimana kilo kilitupa hewa nzito kuliko nyota tano. "Na achari je?" akauliza Shemeji. Sikujibu.

Chakula kilipokuja hakikuwa na ladha; hewa kavu na nyepesi inaua chumvi na sukari ulimini, kila mpishi wa ndege anajua. Wifi akasema kwa uchungu kwamba hapa ndipo lile kopo lilipohitajika. Mhudumu alipita mara kwa mara upande wetu, anavuta pua, anatazama juu kwenye matundu ya hewa, anarudi. Akaja mwenzake naye akavuta pua. Wakanong'ona. Shemeji akaniambia, "Umeona? Huduma ya nyota tano. Hawatulii."

Harusi ilikwenda vizuri na kanzu ya darizi ilisifiwa. Tuliporudi Tanga, Shemeji akaletewa kwenye simu fomu ya maoni ya abiria. Alikaa nayo barazani jioni nzima, miwani puani, daftari pembeni, binti yangu akimsomea maswali na watu wamenyamaza, maana leo mpiga kura ni mtu wetu. Kiti, akawapa tisa kati ya kumi. Chakula, tisa. Wahudumu, kumi. Skrini, kumi, yake ilikuwa inafanya kazi. Likaja swali la usafi na hali ya hewa ndani ya ndege.

"Weka mbili," akasema.

"Mbili, Baba mdogo? Kwa nini?"

"Andika hapo kwenye maelezo. Safari nzima, mwanzo mpaka mwisho, ndege ilinuka achari."

Binti yangu akanitazama. Nikamwambia aandike.