Mkate wa ufuta tunaulipa kwa dharau

Hapa Bristol ninapoishi kuna duka la mikate, Jumamosi asubuhi foleni inatoka mpaka nje na mvua inanyesha, watu wanangojea mkate wa chachu wa zaidi ya pauni nne, na hamna hata mmoja anayesema nipunguzie wala huu mbona mdogo. Wanalipa, wanashukuru, wanakwenda zao. Roho inaniuma kila nikipita pale maana nawakumbuka kina mama wetu wa Unguja wanaotupikia mkate wa ufuta wa chai ya alasiri, na vile tunavyowalipa.

Jamani mkate wa ufuta sio kazi ndogo. Nazi ikunwe kwenye mbuzi, likamuliwe kasimile tupu, unga wa ngano na hamira na ute wa yai upigwe kwa mkono mpaka unavutika kama mpira, uachwe uumuke. Kikaango hakitiwi mafuta, makusudi, mkate ugande, kwa sababu ukishaiva chini na ufuta umeshanyunyizwa kinapinduliwa juu ya makaa ili uso upate rangi, na usipoganda unaanguka motoni na hasara ni yako. Mmoja mmoja hivyo hivyo, moshi machoni, mpaka iishe. Mie huku napikia tui la kopo na juu naumalizia kwenye grili ya oveni, nikiupaka samli unatoka mzuri na watoto wanaugombania, lakini siwezi kujilinganisha na mtu aliyekaa na makaa tangu adhuhuri.

Sasa tunamlipaje? Tunapiga hodi, tunaugeuza geuza, tunauliza bei ambayo tunaijua, tunataka punguzo, tukinyimwa tunataka nyongeza, na wengine wanakopa mpaka mwisho wa mwezi halafu mwisho wa mwezi wanabadilisha njia. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 bei ya ngano ikapanda dunia nzima, huku wakaandika bei mpya dirishani na watu wakalipa, kwetu nikawa nasikia kwenye simu "siku hizi mikate yake imekuwa midogo". Midogo! Na unga kanunua duka lile lile mnalonunua nyie.

Najua nitaambiwa huyu keshajiona, kapanda ndege kawa mzungu. Mama yangu alikuwa akipika mikate ya kuuza, sare zangu za skuli zimetoka kwenye makaa yale, kwa hiyo hili nnalisema kutokea ndani ya jiko, wala mapenzi ya Bristol hayamo. Mkate wao wenyewe mgumu, haumfikii mama yangu hata kidogo. Wanachonishinda ni heshima kwa mkono uliopika, basi.

Mwengine atasema mshahara wa huko na wa huku si sawa. Kweli, na sijasema mtu alipe pauni nne pale Mwembeladu. Lakini yule yule anayelia hana pesa akiingia supamaketi anachukua biskuti za boksi kwa bei iliyobandikwa, hasemi neno, tena anaziweka mezani wageni wazione. Hapo ufukara umekwenda wapi? Na atakayesema habari za bei zinaua ujirani, mie ujirani naujua, ni ile sahani ya futari inayokwenda kwa jirani na kurudi na kitu ndani. Kumkopa mtu mkate halafu kumkimbia sio ujirani hata siku moja.

Tena tunasahau upesi. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mafriji yamezimwa, kila kitu kimesimama, kina mama hawa na majiko yao ya makaa waliendelea kupika na mkate wa moto ukafika mezani wakati wa chai kama kawaida, nani aliyewapa hata asante?

Ramadhani inakuja na najua itakavyokuwa, watu wataagiza mikate kumi kumi saa kumi alasiri, wataka magharibi iwe tayari, na malipo baadae. Nazi na makaa yananunuliwa asubuhi kwa pesa taslimu. Ukiagiza, lipa asubuhi, lipa bei aliyoitaja, na walio nje kama mie tunaowaagizia wazee wetu tutume pesa siku moja kabla, simu tunazo.