Shaka Isiyochagua

Mwaka 2000, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kiliwashauri wazazi ambao watoto wao walikuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio wasiwalishe karanga hadi watimize miaka mitatu. Ushauri ulisikika wa busara: kama karanga inaweza kumdhuru mtoto, asiionje mapema. Mwaka 2008 chama hichohicho kiliuondoa kwa sababu hakikuona ushahidi wa kuutegemeza. Kisha mwaka 2015 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanyika London kwa watoto 640: waliolishwa vyakula vyenye karanga tangu uchanga walipungukiwa na mzio huo kwa takriban asilimia 80, wakilinganishwa na wenzao waliozuiwa. Kufikia 2017 miongozo ya Marekani ilikuwa imegeuka kabisa na kuhimiza karanga mapema. Mzazi mtiifu wa mwaka 2000 huenda alimsogeza mwanawe kwenye hatari ileile aliyokuwa akimkimbiza.

Wasiowaamini wataalamu hukipenda kisa hiki, nami siwalaumu. Leo wanasema hivi, kesho vile. Kwa nini niwasikilize leo? Upande wa pili una jibu lake, nalo limezoeleka: sayansi hujisahihisha, na kubadilika ndiyo nguvu yake. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini yote mawili yanapita pembeni. Tatizo la mwaka 2000 halikuwa kwamba ushauri ulikuja kubadilika. Ni kwamba ulisimama juu ya ushahidi mwembamba, lakini ukamfikia mzazi kwa sauti ileile iliyotumika kumwambia sigara inaua na chanjo ya surua inakinga. Hakuna aliyemwambia: hili tunalijua kwa hakika, hili tunalikisia.

Mtaalamu anayesema kila kitu kwa uhakika mmoja humfundisha msikilizaji kukitilia shaka kila kitu kwa kiwango kimoja. Karanga ziligeuka, basi na chanjo nayo itageuka. Utabiri wa mvua ulikosea wiki iliyopita, basi na joto la dunia ni porojo. Shaka ya namna hiyo haichagui, na sehemu ya lawama inawarudia waliozoea kusema bila kuchagua.

Kisa cha wafugaji wa Cumbria kinalionyesha hili vizuri kuliko chochote ninachokijua. Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na siku chache baadaye mvua ikashusha sesiamu yenye mionzi juu ya vilima vya eneo hilo la kaskazini magharibi mwa Uingereza, ambako watu huishi kwa kufuga kondoo. Mwanzoni serikali ilisema hakuna la kuhofia. Mwezi Juni ikapiga marufuku kuhamisha na kuchinja kondoo, ikaahidi kwamba hali hiyo ingedumu wiki tatu hivi. Wanasayansi waliotoa makadirio hayo hawakuyaokota njiani. Walijua kwamba sesiamu ikifika ardhini hunaswa na udongo, isiweze kupanda tena kwenye majani. Lakini walilijua hilo kutokana na udongo wa mfinyanzi wa nyanda za chini. Vilima vya Cumbria vina udongo wa mboji wenye asidi, ambao hauishiki sesiamu. Nyasi ziliifyonza, kondoo wakaila, kinyesi kikairudisha ardhini, nyasi zikaifyonza tena. Wiki tatu zikawa miaka. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Mwanasosholojia Brian Wynne aliwahoji wafugaji hao, na alichokikuta si ujinga hata kidogo. Waliwaona wataalamu wakimwaga madini ya kunyonya sesiamu kwenye vipande vya ardhi, kisha wakiwafungia kondoo ndani ya uzio ili kupima matokeo. Wafugaji walisema mapema kwamba kondoo wa milimani akifungiwa hudhoofika, na kipimo chake hakitakuwa na maana. Hawakusikilizwa. Baadaye majaribio yaliachwa kimyakimya, na wenye kusema hawakuambiwa kwamba walikuwa sahihi. Tena walikuwa na kumbukumbu: kinu cha Windscale, kilicho jirani nao, kilishika moto mwaka 1957, na ripoti kamili ya moto ule ilifungiwa makabatini hadi 1988. Kuwaambia watu wenye historia hiyo “tuaminini” ni kuomba mkopo pale ambapo deni la kwanza halijalipwa.

Lakini tazama shaka yao ilivyokuwa na mipaka. Hawakusema mionzi ni uzushi. Hawakusema sesiamu haipo. Walisema hamujui udongo wetu na hamujui kondoo wetu, na hayo mawili yalikuwa mambo waliyoyajua kuliko yeyote aliyetoka wizarani na vipimo mkononi. Lilikuwa dai linaloweza kupimwa, likapimwa na muda, likathibitika.

Shaka ya watu wa Kano, nchini Nigeria, ilikuwa na mzizi wa kweli vilevile, ila ilitua pasipo pake. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto wagonjwa wapatao 200. Kumi na mmoja walikufa, baadhi waliopewa dawa hiyo na baadhi waliopewa dawa ya kulinganishia. Familia zilidai hazikuelezwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Kesi zikiwa bado mahakamani, mwaka 2003, viongozi wa Kano na baadhi ya majimbo jirani walisimamisha chanjo ya polio. Madai yalikuwa kwamba imetiwa vitu vya kuwafanya wasichana kuwa wagumba, hata virusi vya UKIMWI.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ni nani wa kumcheka? Ila ung'ongo si nyoka. Chanjo ile haikuwa dawa ya majaribio, na ilikuwa imetumika kwa mamilioni ya watoto duniani kote. Kano ilikaa karibu mwaka mzima bila kampeni ya chanjo, polio ikaenea, ikavuka mipaka hadi nchi zilizokuwa zimeshaimaliza. Afrika ilikuja kutangazwa kuwa huru na virusi asilia vya polio mwaka 2020. Waliolemazwa katika kipindi hicho hawakulemazwa na kampuni ya dawa, na hawakuwa na sauti katika uamuzi wowote kati ya ile miwili, wa 1996 wala wa 2003.

Usidhani shaka mbaya ni ya wasiosoma. Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini, alisoma sana. Alikesha akipitia maandiko ya wanasayansi wachache waliokanusha kwamba virusi vya UKIMWI ndivyo vinavyoleta ugonjwa wenyewe, na mwaka 2000 akaunda jopo lililowaketisha meza moja na wenzao waliokubali. Serikali yake ikachelewesha dawa za kufubaza virusi. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. “Nimefanya utafiti wangu mwenyewe” ni maneno ambayo hata rais aliweza kuyasema kwa dhati, na bado akakosea.

Kuna shaka nyingine isiyotokana na jeraha wala udadisi, kwa sababu hutengenezwa na kuuzwa. Waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson wa mwaka 1969 ulisema waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao, kwa kuwa ndiyo njia bora ya kushindana na ukweli uliomo vichwani mwa watu. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba sigara ni salama. Ilitosha kusema bado haijajulikana. Kampuni ya mafuta ya Exxon nayo ilikuwa na wanasayansi wake waliokuwa wakikokotoa ongezeko la joto la dunia tangu mwisho wa miaka ya 1970, na makadirio yao yamelingana vizuri na kilichotokea. Kwa miaka mingi baadaye kampuni hiyo iliuambia umma kwamba sayansi ya tabianchi ina mashaka makubwa. Anayejivunia kutomwamini mtu yeyote angejiuliza shaka yake imetoka wapi. Nyingine zimelipiwa.

Hapo ndipo tabianchi inapotofautiana na afya, na kuziweka katika kapu moja kunapotosha. Ushauri wa afya unahusu sahani yako, mwili wako, mtoto wako, nao hubadilika mara kwa mara kwa sababu mwili ni mgumu kuusoma. Msingi wa sayansi ya tabianchi ni wa zamani na umetulia. John Tyndall alipima mwaka 1859 jinsi gesi fulani zinavyozuia joto. Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 kwamba kuongezeka maradufu kwa hewa ya ukaa kungepandisha joto la dunia. Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ikiwa karibu sehemu 315 katika milioni. Sasa imepita 420. Haya hayajageuka kama karanga zilivyogeuka, na anayesubiri yageuke atasubiri sana.

Makosa yapo, bila shaka. Ripoti ya mwaka 2007 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ilisema barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka kufikia 2035. Madai hayo hayakutoka kwenye utafiti uliohakikiwa, na Januari 2010 jopo lilikiri kosa. Wapinzani walilishangilia kana kwamba fizikia yote imeanguka. Haikuanguka, ila aibu ilistahili: kisio lisilo na msingi lilivaa sare moja na vipimo vya zaidi ya karne.

Na bado hakuna kipimo cha Mauna Loa kinachomwambia mtu alipe kodi gani. Mwishoni mwa 2018 Wafaransa waliovaa vizibao vya njano walifunga barabara kupinga, pamoja na mengine, nyongeza ya kodi ya mafuta iliyotetewa kwa hoja ya tabianchi. Wengine waliwaita wakanushaji. Wengi wao walikuwa wakiuliza kwa nini mzigo umwangukie anayekaa mbali na mji na hana njia ya kwenda kazini isipokuwa gari. Swali hilo halina jibu la kimaabara. Linahusu haki, na mtaalamu wa hewa hana kura zaidi ya dereva katika kulijibu. Serikali iliifuta nyongeza ile mwezi Desemba. Anayemwambia dereva huyo kwamba kupinga kodi ni kupinga sayansi anamsukuma aikane sayansi yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee aliyoachiwa ya kusema hapana.

Vifaa vya kutenganisha hakika na kisio vipo tayari. IPCC yenyewe hupima maneno yake: inaposema jambo “lina uwezekano mkubwa sana”, ina maana ya asilimia 90 au zaidi. Ripoti yake ya 2021 ilisema haina shaka kabisa kwamba binadamu ameipasha dunia joto. Kuhusu joto litakaloongezeka hewa ya ukaa ikifika maradufu, ilitoa kadirio la kati ya nyuzi 2.5 na 4, na pengo hilo si dogo. Watunga miongozo ya tiba nao huupanga ushahidi kwa madaraja, kuanzia wa juu hadi wa chini sana. Madaraja hayo hubaki ndani ya nyaraka zinazosomwa na wataalamu wenzao. Yakifika kwenye tangazo la redio yameshapigwa pasi, yote bapa.

Hoja ya wanaopiga pasi si ya kipuuzi. Ukikiri kisio, wanasema, utawapa silaha wale wauzaji wa shaka, na mwananchi wa kawaida ataacha kukuamini. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa: utafiti wa Cambridge uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kuwapa watu makadirio kwa tarakimu, kutoka hapa hadi pale, kulipunguza imani yao kidogo tu. Maneno ya jumla kama “hatuna uhakika” ndiyo yaliyoumiza zaidi.

Jaribio gumu zaidi la hoja hiyo lilikuja mwaka huohuo. Februari 2020, daktari mkuu wa serikali ya Marekani aliwataka wananchi waache kununua barakoa, akisema haziwasaidii kujikinga na virusi vya korona, na papo hapo akaonya kwamba wahudumu wa afya wakizikosa watakuwa hatarini. Mtoto wa shule angeuona mgongano uliomo. Aprili ushauri ukageuka, watu wakatakiwa kufunika nyuso. Sentensi ya kweli ilikuwepo, tena fupi: barakoa ni chache, ushahidi kwa matumizi ya mtaani bado ni mdogo, tuwaachie wauguzi kwanza. Ingekuwa ombi, na ombi linaweza kukataliwa; ndiyo maana likavishwa joho la sayansi. Wanaotetea uamuzi ule husema watu wangezigombania barakoa hata wangeombwa kwa adabu. Huenda. Ila hata baada ya kuambiwa hazifai, walizigombania hadi zikaisha madukani.